Bibi Shamba na Prosesa Mbili

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi Bibi Shamba alibonyeza vitufe viwili kwa mpigo mmoja, kidole cha kulia kwenye Mashine A na cha kushoto kwenye Mashine B. Aliandika saa hiyo kwenye daftari lake, akatutazama, akasema, "Sasa mtu asinisaidie."

Ilikuwa Rudewa, katika ofisi ya kikundi cha wakulima: chumba kimoja chenye paa la bati na dirisha linalotazama yaliyokuwa mashamba ya mkonge. Ndani walikuwemo yeye na Mwenyekiti wa kikundi. Nje ya mlango, kwenye benchi moja, tulikaa watu wawili tusiopendana. Mmoja alikuwa muuzaji wa kompyuta kutoka Mikumi, mwenye Mashine B, kompyuta mpakato mpya, nyembamba, bado ina nailoni juu ya kifuniko. Wa pili nilikuwa mimi, fundi kutoka Magomeni mjini Kilosa, mwenye Mashine A, kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini huko nyuma nikaisafisha. Bibi Shamba alitutoa wote. Alisema mwenye mali hakai karibu na kipimo.

Kikundi kilikuwa na familia arobaini na mbili zinazolima kwenye ardhi ile ya mkonge wa zamani. Mkutano mkuu wa kijiji wa kugawa ardhi ulikuwa siku kumi na nane mbele, na uongozi ulikuwa umeshatangaza kwamba shamba lisilo na ramani litahesabiwa kuwa eneo la wazi, lisilo na mwenyewe. Picha za droni zilikuwa zimeshapigwa, fungu moja kwa kila familia. Zilihitaji kompyuta ya kuziunganisha ziwe ramani. Fedha za kikundi zilitosha kununua mara moja tu.

Siku ya mazishi yake nilisikia watu wakisema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa mbishi. Sikatai. Lakini waliosema hivyo wengi wao wanalima leo kwa sababu ya ubishi ule, na sioni kwa nini uzungumzwe kwa sauti ya chini.

Jina lake hakuna aliyelitumia. Alifanya kazi ya mbegu kwa miaka mingi upande wa Kilangali, na kwa kuwa mtaalamu wa kilimo mwanamume anaitwa bwana shamba, yeye alikuwa Bibi Shamba, hata baada ya kustaafu na kuwa jirani yangu Magomeni, ambako shamba lake lilikuwa matuta matatu ya mchicha. Kazi yake ilikuwa kupima uotaji. Anachukua mbegu mia nne, anazipanga kwenye mchanga wenye unyevu, halafu anahesabu mara mbili. Kwa mahindi, hesabu ya kwanza ni siku ya nne na ya mwisho ni siku ya saba. Alinieleza tofauti yake mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Hesabu ya kwanza inakuonyesha mbegu zenye haraka. Ya mwisho inakuonyesha mbegu utakazoandika kwenye cheti.

Juu ya kompyuta hakujua chochote, na hakuona haya. Aliandika kwa vidole viwili. Mimi nilijifunza kazi hii kwa vitabu vya kuokota na mashine mbovu, kwa hiyo napenda kueleza. Siku moja nilimweleza kwa nusu saa jinsi prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inavyofanya hesabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Fundi, mimi sijawahi kuuliza mbegu inawaza nini. Naihesabu ikiota."

Alikuja dukani kwangu kila Jumanne, saa tatu, kuchapisha barua za malalamiko. Aliwaandikia watu wa maji, watu wa barabara, na mara moja kiwanda cha sabuni, kwa sababu alipima mche kwa mizani akaukuta pungufu ya gramu zilizoandikwa. Kiwanda kilimjibu kwa kumtumia miche sita ya bure. Aliipima yote sita, akaandika barua ya pili.

Kanisani alikaa benchi la tatu upande wa saa ya ukutani. Kila mahubiri aliyaandikia dakika zake. Mwisho wa mwaka alimpelekea mchungaji wastani. Mchungaji alinisimulia mwenyewe, akicheka, lakini nilimuuliza kama mahubiri yamefupika, akakubali kwamba yamefupika.

Na bado mwanamke huyo aliyedai ushahidi wa kila kitu alikunywa majani ya chai ya aina moja tu maisha yake yote. Nilimwambia tufunge macho tuonje aina tatu. Alikataa. "Hapo sitaki kujua," alisema, na hakuona tatizo lolote. Kuku wake aliwagombeza kwa Kikaguru na kuwabembeleza kwa Kiswahili. Watu aliwafanyia kinyume chake: akikuheshimu anakukaripia, akikudharau anakuwa mpole mno. Muuzaji wa Mikumi hakulijua hilo, na alidhani siku ya kwanza wameelewana.

Siku hiyo ya kwanza ilikuwa wiki moja kabla ya Rudewa. Mwenyekiti alikuwa ameshaamua kununua kompyuta mpakato mbili kutoka duka la Mikumi, lile la barabara kuu. Alikuwa na sababu zake na hazikuwa za kijinga: zinabebeka, zina betri, na wajumbe wakiziona wanajua fedha yao imekwenda wapi. Bibi Shamba hakuwa mwanachama. Kikundi kilimwomba awe shahidi wa manunuzi kwa kuwa hakuna aliyemshuku. Yeye akaniomba nimsindikize.

"Shikamoo Bibi," alisema muuzaji.

"Marahaba. Mashine ipi?"

Alimwonyesha. Bibi akauliza tofauti yake na za mezani, zile zilizopangwa chini kabisa zikipata vumbi.

"Prosesa ni ileile, Bibi. Soma mwenyewe hapa, familia moja, namba moja. Hii umeipata na kioo na betri ndani. Ile ni sanduku."

Nilifungua mdomo. Namba ilikuwa moja kweli, ila nilijua kwamba ya mezani inaruhusiwa kula wati sitini na tano kutwa nzima, na ya mpakato wati kumi na tano, pamoja na ruhusa ya kuzidisha kwa muda mfupi kabla ya kupunguza mwendo. Bibi Shamba aliniinulia kiganja. Alitaka kuona, hakutaka kuambiwa. Alitoa flashi yenye picha kidogo za droni, akaomba zifanyiwe kazi kwenye mashine zote mbili, ile na ya mezani ya dukani humo humo, chini ya kiyoyozi. Dakika tisa. Kompyuta mpakato ilimaliza mbele kwa nusu dakika.

Mwenyekiti alipiga makofi mawili. "Basi, Bibi. Kazi imekwisha."

"Hiyo ni hesabu ya kwanza," alisema Bibi Shamba, akifunga daftari. "Kiyoyozi hiki utakipeleka Rudewa?"

"Bibi, mashine ni mashine."

"Mbegu nayo ni mbegu. Nataka kuipima itakapopandwa. Fungu zima, mchana, chini ya bati."

Muuzaji alisema mali haitoki dukani bila kulipiwa. Bibi akamwambia aje nayo mwenyewe, nauli na chakula vitakuwa juu ya Bibi. Alisema hivyo kwa upole mkubwa sana, nami nikajua amemdharau. Muuzaji akakubali, nadhani kwa sababu ya kujiamini. Kwa ajili ya kushindana nayo Bibi alitaka mashine ya mezani ya bei ndogo kuliko zote zilizopatikana wilayani, na hiyo ilikuwa yangu.

Ndiyo sababu tulikuwa kwenye benchi moja.

Mpaka saa tano na nusu Mashine A ilikuwa mbali mbele. Niliona kwa kuchungulia: asilimia arobaini na kitu kwa kumi na tisa. Feni ya Mashine B ililia mfululizo. Nilikaa nimekunja miguu kama mtu aliyeshiba.

"Unacheka nini?" aliuliza muuzaji.

"Sijacheka."

"Unacheka kwa mabega." Kisha akainuka, akatazama ndani kwa makini, akasema kwa sauti, "Bibi, samahani. Hiyo ya kwangu umeilaza juu ya nguo?"

Alikuwa ameilaza juu ya kitenge kilichokunjwa mara nne. Na Mashine A pia. Kule kwenye mbegu, sampuli mbili zinazoshindana lazima zipate tandiko moja, mchanga uleule, kina kilekile, la sivyo umependelea. Alikata kitenge kimoja katikati, akapima vipande kwa rula, akatandika.

"Zote mbili ziko juu ya nguo," alijibu. "Tandiko sawa."

"Sawa, Bibi, lakini ya Fundi inavuta hewa mbele na kuitolea nyuma. Ya kwangu inavuta kwa chini. Umeiziba pumzi."

Bibi Shamba alipitisha kiganja chini ya Mashine B. Akakiondoa haraka. Alinigeukia mimi.

"Fundi. Ni kweli?"

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimekiona kitenge kile tangu saa nne na robo na nilinyamaza kwa saa nzima na zaidi. Nikasema, "Ni kweli."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hakunikaripia, na hilo liliniuma. Alisimamisha mashine zote mbili, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya ukurasa mzima na kuandika, niliuona mwenyewe baadaye: *Batili. Kosa la mpimaji.* Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Mwenyekiti alisimama. "Bibi, si imeshaonekana? Tumepoteza asubuhi nzima. Hata mimi niliyetaka laptopu nakwambia, nimekubali, tununue sanduku, twende."

"Umekubali kitu gani? Nimemkaba mmoja koo halafu nikasema ameshindwa mbio."

"Umeme ukikatika mchana?" nilisema kutoka benchi. "Bibi, siku zimebaki kumi na nane."

"Kaa chini, Fundi. Wewe hasa, kaa chini."

Nimefikiria sana dakika ile. Alikuwa ameshinda. Mwenyekiti, aliyempinga wiki nzima, alikuwa ameshuka. Angefunga daftari wakati ule tungenunua mashine ileile tuliyoinunua mwisho wa siku. Watu wanaodhani alikuwa mbishi ili ashinde hawakuwepo Rudewa saa tano na dakika arobaini.

Aliacha mashine zipoe. Safari hii Mashine B aliiinua juu ya vipande viwili vya mbao ili chini iwe wazi, kama muuzaji alivyomwelekeza, na Mashine A akaiweka mezani. Saa sita kamili akabonyeza tena.

Saa saba alitugawia wali na maharage kutoka kwenye hotpoti lake, muuzaji kwanza. Bati lilikuwa linalia kwa joto. Kila robo saa aliandika mwendo wa kila prosesa kutoka kwenye programu ndogo niliyomwekea. Daftari hilo ninalo. Mashine B ilianza na gigahezi nne na zaidi, na ndani ya robo saa ya kwanza ikashuka hadi mbili na kitu. Saa nane ilikuwa chini ya mbili, na haikupanda tena. Mashine A ilianza chini ya mwenzake kidogo, na safu yake yote ni namba ileile, ukurasa mzima.

Saa nane na dakika hamsini na moja Mashine A ilimaliza. Mashine B ilikuwa asilimia hamsini na tatu.

Saa kumi kasoro umeme ukakatika, dakika ishirini. Mashine A ilizima papo hapo. Mashine B iliendelea kwa betri yake, na muuzaji alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Bibi, andika na hilo."

"Naandika. Umesema kweli." Aliandika, akaongeza chini yake kwamba ya mezani isinunuliwe bila betri ya akiba, na bei ya betri hiyo iingizwe kwenye bei ya mashine. Mimi nilikuwa sijaiingiza.

Mashine B ilimaliza saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Ramani zote mbili zilifanana kabisa, na alisema hivyo pia kwa sauti ili isidhaniwe kwamba moja ni mbovu.

Wajumbe walikuwa wamejaa nje kufikia saa hiyo. Bibi Shamba alisimama mlangoni na daftari.

"Ofisi hii inafunguliwa saa mbili, inafungwa saa kumi na mbili. Siku tano za mwisho ni za kuchora na kuchapisha. Zimebaki kumi na tatu. Mashine A inamaliza mafungu matatu kwa siku. Naiandikia mawili, kwa sababu ya umeme. Zikiwa mbili, ni manne kwa siku, familia zote zinamalizika na siku zinabaki. Mashine B inamaliza fungu moja kwa siku. Zikiwa mbili, kwa siku kumi na tatu, ni familia ishirini na sita." Akafunua ukurasa mwingine. "Mnazo arobaini na mbili. Anayetaka Mashine B anitajie majina ya wale kumi na sita."

Mjumbe mmoja kutoka nyuma aliuliza, kwa haki kabisa, kama Fundi na Bibi si majirani. Nilianza kujieleza. Bibi Shamba akanikatiza: "Fundi, sema faida yako."

"Bibi, hiyo ni siri ya biashara."

"Ulikuwa na siri nyingine asubuhi."

Nikaitaja mbele ya watu arobaini: laki moja na elfu themanini kwa kila mashine. Minong'ono ikaanza. Bibi aliwaacha wanong'one.

"Kwa lile la kitenge," alisema, "punguza nusu."

Nikapunguza. Muuzaji wa Mikumi alicheka mpaka akajifuta macho, na tangu siku ile tunauziana vipuri kwa bei nzuri.

Ramani arobaini na mbili zilikuwa ukutani siku mbili kabla ya mkutano wa kijiji. Hakuna shamba lililoitwa eneo la wazi. Mwenyekiti alitoa hotuba ya shukrani na alimsahau Bibi Shamba, au alijisahaulisha. Yeye alikuwa ukumbini. Aliandika dakika za hotuba.

Mara ya mwisho nilimwona Mikumi, miaka miwili baadaye, kwa binti yake alikokuwa amehamia macho yalipoanza kufifia. Malori yalipita nje akaacha kuongea mpaka yamalize, kisha akaendelea pale pale alipoishia. Mezani kulikuwa na kompyuta mpakato mpya ya binti yake, na pembeni daftari, maandishi sasa makubwa kama ya darasa la kwanza.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Kaa. Nimeipima hii. Fungu lilelile la Rudewa, nililihifadhi. Juani, uani hapo, saa sita mchana." Akanisukumia daftari. "Saa moja na dakika hamsini na mbili. Haikupunguza mwendo hata mara moja. Bila kuchomekwa."

Nilisoma mara mbili. Ilikuwa imeishinda mashine yangu kwa saa nzima kasoro dakika moja.

"Ni za kizazi kipya," nilisema. "Bei yake ni kubwa."

"Bei nimeiandika, tazama chini. Nimeandika na barua kwa kikundi. Niliyowaambia yamepita muda. Wakinunua tena wapime tena. Ipeleke."

"Bibi, mimi nauza za mezani wilaya nzima kwa kutaja kipimo chako. Watanicheka."

"Watakucheka. Nilipima mashine mbili, chumba kimoja, siku moja. Wewe umekwenda kuifanya dini."

Nilibishana naye kwa nusu saa. Nilimwambia ana haki ya kupumzika na kuacha jambo moja maishani mwake lililomalizika vizuri. Alinikaripia vibaya sana, na furaha ikanirudia. Barua niliichukua. Nakala yake imebandikwa mlangoni mwa duka langu hadi leo, na wateja wanaisoma kabla ya kuingia.

Nilipoinuka kuaga alinishika mkono wa shati.

"Nasikia unawaambia watu kwamba siku ile tuliokoa milioni mbili na laki nne."

"Ndivyo ilivyokuwa, Bibi. Bei ya laptopu mbili, toa bei ya mezani mbili na betri zake za akiba."

"Na betri hizo mmebadilisha mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Kwa mashine zote mbili?"

"Zote mbili. Laki mbili na themanini jumla."

"Kingine?"

"Feni moja. Elfu thelathini na tano. Na kifaa cha umeme kwenye mashine ya pili, laki moja na nusu."

"Na mashamba ya watu umeyatia humo?"

"Hapana, sijayatia."

"Vizuri. Hayana bei, usijaribu. Toa hayo mengine, useme namba ya kweli."

Nilitoa pale pale, nimesimama, naye akisubiri na kalamu. Shilingi milioni moja, laki tisa na elfu thelathini na tano.